Kilo Sitini za Ildephonse

Jumatatu saa mbili asubuhi Nella alikuwa amekaa kwenye kigoda ndani ya depo ya Mzee Sleiman, mtaa wa Rohero, akichagua maharage. Sinia lilikuwa mapajani. Maharage mazuri aliyasukuma kulia kwa kidole kimoja, mawe akayaacha yadondoke kwenye kopo. Alikuwa na miaka ishirini. Alianza kazi hiyo alipoacha shule darasa la tano, na aliipenda kwa sababu maharage hayamuulizi mtu kitu.

Siku hiyo depo nzima ilikuwa inapanguliwa. Ziwa lilikuwa limepanda tena na kuingia kwenye depo ya pili ya Mzee Sleiman, ile ya Kajaga, na mchele uliokuwa huko ulitakiwa kuletwa mjini kabla haujaota. Mzee Sleiman alipiga simu akiwa amesimama ndani ya maji, akamwambia Térence, mkubwa wa wachukuzi, atafute nafasi kila pembe. Kwa sababu ya kelele za maji alisahau kumwambia asiguse kabati la kona ya nyuma.

Kabati hilo lilikuwa la chuma. Lilikuwa limesimama pale tangu kabla ya kuzaliwa kwa wachukuzi wote, na ndani yake mlikuwa na mawe ya mizani ya zamani na vipuri vya lori ambalo halikuwepo tena. Wachukuzi wanne walilikamata, wakahesabu mpaka tatu, rimwe, kabiri, gatatu, wakalinyanyua. Lilikuja kama kikapu kitupu. Walilibeba hatua mbili huku wakitazamana. Kwenye hatua ya tatu uzito ulirudi wote kwa pamoja, kabati likaanguka na kumponda Térence kidole gumba cha mguu.

Térence alikaa chini akavua kiatu.

"Pale hakuna uzito," alisema.

"Uko kwa kidole yako," mwenzake akamjibu.

Mahali palipokuwa na kabati sakafu ilikuwa na rangi tofauti kidogo, kiraka cha saruji laini chenye urefu wa mtu na upana wa mlango. Wachukuzi walianza kukijaribu, kwa kuwa petroli haikuwepo mjini na lori la kwanza kutoka Kajaga lisingefika kabla ya saa sita. Walimwambia Nella alete mizani. Gunia la kilo mia lilionyesha arobaini. Mfuko wa sukari wa kilo hamsini ulionyesha sifuri, lakini haukupaa. Ulikaa tu juu ya mizani kama umewekwa kwa heshima. Térence mwenyewe, ambaye ana kilo hamsini na nane, alipanda na kidole chake kilichofungwa kitambaa, na mshale haukusogea.

"Nimeshakufa?" aliuliza.

"Bado," mwenzake akasema. "Maliza kwanza kuhamisha mchele."

Nella alisoma mshale kila mara. Kila kilichobaki na uzito kilikuwa kimepungua kwa kiasi kilekile. Alipima kopo la mawe, akapima ndoo ya maji, akapima gunia lenye nundu, yaani lile linalojazwa mpaka juu kisha likashonewa wavu ili liongezwe tena. Gunia hilo lilikuwa na kilo mia na kumi na tano. Juu ya kiraka lilikuwa na hamsini na tano. Nella aliandika sitini kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, kisha akaifuta kwa kandambili kabla mtu hajaiona.

Namba hiyo inajulikana. Zamani, mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura, mchukuzi wa bandarini aliyeitwa Ildephonse aliweka gunia chini akasema kwamba mgongo wa mtu ni wa kilo sitini na si zaidi. Wachukuzi wenzake wote waliweka magunia yao chini. Yalikaa chini siku tisa, samaki wakavunda, meli zikasubiri, na siku ya kumi kilo sitini zikawa sheria. Watoto wanalisoma hilo darasa la tatu. Kuna shule yenye jina lake na barabara yenye jina lake. Miaka kadhaa baadaye, katika mwaka ambao watu wengi walitoka nyumbani bila kurudi, Ildephonse alichukuliwa akiwa anakunywa chai, na hakuna aliyejua alipozikwa. Sheria yake haijawahi kufutwa. Magunia yalirudi kuwa ya kilo mia taratibu, kilo moja baada ya nyingine.

Nella aliyajua hayo kabla ya darasa la tatu, kwa sababu Ildephonse alikuwa baba wa bibi yake.

Bibi huyo aliitwa Prudence. Waliishi wawili tu, mtaa wa Cibitoke, kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na mafundi wa milango. Nella alimwita nyogokuru. Nyumba yao ilikuwa kwenye matanga kwa miaka hamsini na zaidi. Mtu akifa, watu humzika, hutupa udongo, hunawa mikono na kunywa pamoja. Halafu, baada ya miezi au mwaka, familia hukusanya watu tena kwa ajili ya kuganduka, na siku hiyo matanga huisha na maisha huanza upya kwa sauti. Mama yake Prudence alikataa. Alisema mtu hawezi kunawa udongo ambao hakuushika. Alipokufa alimwachia Prudence matanga hayo, na Prudence akayatunza. Aliolewa bila sherehe. Alihamia nyumba mpya bila kualika mtu. Alizaa watoto wawili na kuzika wote wawili, na kila alichofanya alikifanya kimyakimya, kama anayeiba.

Sasa moyo wake ulikuwa umevimba. Daktari alionyesha ukubwa wake kwa ngumi mbili. Prudence hakuuogopa moyo. Aliogopa kwamba akifa kabla ya kuganduka matanga yatakwenda kwa Nella, maana hapakuwa na mwingine wa kuyapokea.

Jioni ya Jumatatu ile alikuwa anamenya ndizi Nella alipoingia.

"Nyogokuru, kwa depo kuna pahali panatoa kilo sitini."

"Panatoa, ama panabeba?"

Nella alifikiri. "Panabeba."

"Sitini kamili?"

"Kamili."

"Si sitini na moja?"

"Tumepima mara kumi na mbili."

Prudence alimaliza ndizi iliyokuwa mkononi, akaitia kwenye maji.

"Basi ni yeye," alisema. "Ya sitini na moja hakuwahi kubeba."

Walikula. Kisha Prudence akamwambia Nella kwamba kesho atamwomba Mzee Sleiman ruhusa ya kuingia kwenye depo yake. Nella alisema hawezi. Hajawahi kumwambia Mzee Sleiman neno zaidi ya shikamoo na ndiyo. Prudence akasema basi hilo litakuwa la tatu.

Jumanne Mzee Sleiman alikuja suruali ikiwa imelowa mpaka magotini. Aliangalia kona, akaangalia kabati lililolala upande wa pili, akakaa juu ya gunia. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitano, mwembamba, mwenye kofia nyeupe. Babu yake alikuja Burundi na familia ya Waomani wakiuza chumvi na nguo, na katika mji mzima hakuna aliyewahi kulalamika juu ya mizani ya nyumba yao.

"Rudisheni kabati," alisema. "Sasa hivi, kabla ya wateja."

"Patron, mi siligusi tena," Térence alisema. "Lina roho mbaya. Likiwa kule linacheka, likifika huku linauma."

"Nitawasaidia mwenyewe."

Nella alisimama. Maharage machache yalimwagika. Aliyatazama hayo maharage na kuzungumza nayo, kwa kuwa kumtazama mtu kulikuwa kugumu.

"Mzee, pale yuko baba wa nyogokuru yangu. Nyogokuru anaomba kuja kumuona."

Mlangoni, kwenye kiti chake cha siku zote, alikuwa Miza, dada mkubwa wa Mzee Sleiman, ambaye alikuja kila asubuhi na tasbihi yake kuangalia wapita njia.

"Mwambie huyo mtoto, Sleiman," Miza alisema bila kugeuka. "Mi nimechoka kulinda kabati."

Mzee Sleiman alivua kofia akaanza kuipangusa vumbi, kwa hiyo Miza alieleza yeye. Mwaka ule wa watu kuchukuliwa depo ilikuwa ndiyo imejengwa, kuta na paa tu, chini bado udongo. Watu wenye bunduki walikuja kuomba ufunguo. Baba yao aliwapa, kwa kuwa waliomba vizuri. Baada ya siku nne waliurudisha, na baba alipoingia alikuta kona ya nyuma imesakafiwa. Ilikuwa kazi safi. Hakuuliza. Alimwita fundi akamalizia sehemu iliyobaki, na kwa sababu kile kiraka ndicho kilichonyooka kuliko kote, akaweka mizani yake juu yake.

"Mkulima akaleta kahawa kilo mia," Miza alisema. "Mizani ikasema arobaini. Baba akatokwa na jasho. Akalipa ya mia, akafunga duka, akaswali mpaka jioni."

Mafundi watatu waliitwa kwa siri, mmoja kutoka Kigoma. Wote walisema mizani ni nzima. Baba yao hakuwaamini. Katika nyumba ile waliamini kwamba siku ya kiyama mfanyabiashara ataulizwa habari ya mizani kabla ya kuulizwa habari ya watoto. Alihamisha mizani mlangoni, akaweka kabati mahali pale, akawaapisha watoto wake wasimwambie mtu, maana watu wakisikia kwamba kwa Waarabu wale kuna mahali ambapo mia inakuwa arobaini, jina la nyumba limekwisha.

"Tulidhani ni aibu yetu," Mzee Sleiman alisema hatimaye. "Hatukudhani ni mtu."

Alimtazama Nella, ambaye bado alikuwa anatazama maharage.

"Mwambie nyogokuru wako aje," alisema. "Kabati likae hapo lilipo."

Prudence alikuja Jumatano. Baiskeli ya abiria ilimfikisha mpaka mahali baiskeli zinapokatazwa kuingia katikati ya mji. Kutoka hapo alitembea na fimbo, akipumzika kila nguzo ya umeme. Alichukua saa nzima. Alivaa kitambaa cha kijivu, kwa sababu hakuwa na cha rangi nyingine. Miguu yake ilikuwa imevimba ikatoka pembeni mwa viatu.

Alimsalimu Mzee Sleiman, akamsalimu Miza, akavua viatu, akapanda kwenye kiraka. Alikuwa na kilo sabini na moja. Pale alibaki na kumi na moja. Alisimama wima. Fimbo aliisahau mkononi mwa Nella. Wachukuzi waliendelea kupita na mchele wa Kajaga, na kila mmoja alipofika usawa wa kona alivua kofia kwa mkono uliokuwa wazi, kisha akaendelea.

"Ni mikono yake," Prudence alisema. "Alikuwa ananibeba hivihivi kwenda kuoga. Hakubani."

Alisimama hapo mpaka adhuhuri. Hakulia. Alisema anataka kutupa udongo, anawe, halafu watu waje.

Mzee Sleiman alitaka jambo lifanyike kwa utaratibu. Alhamisi alikwenda kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za mashujaa, na mchana ofisi ikamtuma kijana anayeitwa Bonfils, mwenye koti na mizani yake mwenyewe ya betri. Bonfils alikuwa mpole. Alipima gunia, akapima jiwe, akajipima mwenyewe, na mizani ya betri ikasema yaleyale. Akabadilisha betri. Kisha akatoa karatasi kwenye dosie, faili lake la ofisi, akaandika, akisoma kwa sauti kama ilivyo desturi ya ofisi:

"Mizani ina hitilafu."

Prudence alikuwa amekaa juu ya kiraka kwenye kigoda cha Nella. "Na yako pia?" aliuliza.

"Yangu pia, mama."

"Basi baba yangu niandikie yuko wapi."

"Mama, shujaa ana kaburi tayari. Iko kwa mzunguko wa barabara. Iko na bendera, iko na maua."

"Ndani muko nani?"

"Ndani muko béton, zege tupu." Bonfils alifunga kalamu. "Mutu akiwa na makaburi mbili, mama, moja itakuwa ya uongo. Na ile ya mzunguko ilifunguliwa na mukubwa. Sasa nani atamwambia?"

Hakuna aliyejitolea.

"Tuchimbe basi," Térence alisema. "Tuone."

"Kuchimba apana. Mupaka dosie ifunguliwe. Na dosie haiwezi kufunguliwa, kwa sababu kaburi iko."

Aliwapa karatasi waweke saini kwamba wameelezwa. Prudence alichora msalaba. Karatasi ilipofika kwa Mzee Sleiman, aliisoma mara mbili. Neno lile, hitilafu, ndilo baba yake alilokuwa amelikimbia maisha yake yote, na sasa lilikuwa limeandikwa, na jina la depo juu yake.

"Hapa siweki saini," alisema.

"Mzee, ni formalité tu, utaratibu wa ofisi."

"Kijana wangu, mizani za nyumba hii hazina hitilafu. Ile ya baba yangu haikuwa na hitilafu, na hii ya leo haina. Zinasema kweli tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tuliofunika kwa kabati." Alisema kwa sauti ambayo wateja wa mlangoni waliisikia, na alijua kwamba wanaisikia. "Andika hivyo."

Bonfils hakuandika hivyo. Aliandika kwamba mwenye depo amekataa saini, akakusanya mizani yake, akaaga kila mtu kwa mkono, akaondoka.

Mzee Sleiman alisubiri mpaka koti la Bonfils lilipopotea kwenye kona ya barabara. Halafu akamwuliza Térence kama nyundo na patasi zipo. Alisema ameamua kuweka nguzo ya rafu, na mtu kutoboa sakafu yake kwa ajili ya nguzo si kuchimba. Térence aliuliza nguzo yenyewe iko wapi. Mzee Sleiman akasema nguzo itakuja, Mungu akipenda.

Walitoboa tundu la ukubwa wa sahani, pembeni kabisa mwa kiraka. Saruji ilikuwa nyembamba kuliko walivyofikiri. Chini yake palikuwa na udongo mweusi, mkavu, wa kawaida. Hawakwenda zaidi ya hapo. Nella aliuchota kwa mikono miwili, na haukuwa na uzito, akaumimina kwenye kiganja cha bibi yake. Prudence aliushika kwa muda, kisha akaurudisha kwenye tundu kidogokidogo, akimwita baba yake kwa majina yake yote. Miza alileta beseni la maji. Prudence alinawa. Nella alinawa. Wachukuzi walinawa kwa zamu, na mwisho Mzee Sleiman naye akanawa, akiwa amekunja mikono ya kanzu.

Waliganduka Jumamosi ya wiki iliyofuata, hapohapo kwenye depo, kati ya mchele na maharage. Walikuja watu wa Cibitoke, walikuja wachukuzi na wake zao, walikuja wenye maduka ya jirani. Kulikuwa na kreti za bia upande mmoja na kreti za Fanta upande wa familia ya Mzee Sleiman. Hapakuwa na mtu wa ofisi. Prudence alizungumza kwa nusu saa. Alieleza baba yake alikuwa mtu wa namna gani: anapenda chumvi, anachukia kuimba, hawezi kuogelea ingawa alifanya kazi ziwani. Watu walicheka mahali pa kucheka. Alipomaliza alisema matanga yamekwisha, na akamtazama Nella aliposema hivyo.

Mzee Sleiman alisimama kuomba radhi kwa niaba ya baba yake.

"Miaka yote hii tulimwekea kabati kifuani," alisema.

"Lilikuwa la kilo ngapi?" Prudence aliuliza.

"Themanini, na vitu vyake."

Prudence alipiga hesabu. "Basi mulimwonea kwa ishirini tu," alisema. "Kaa chini, Mzee. Unywe Fanta yako."

Jumatatu Prudence alitangaza, kwa sauti, barabarani, kwamba anaanza biashara. Hakuwa amewahi kutangaza kitu, na mara ya kwanza sauti ilitoka kubwa mno mpaka mbwa wa jirani wakaamka. Alinunua jiko, sufuria na vikombe sita, na kitambaa cha manjano chenye maua makubwa, na Mzee Sleiman akampa ile kona awauzie wachukuzi chai. Anakaa pale kwenye kigoda akiwa na kilo kumi na moja. Daktari amesema moyo haujapungua, ila umeacha kuhangaika. Nella ndiye anayepeleka vikombe, na imembidi ajifunze kuwauliza watu kama wanataka sukari.

Kwenye dosie ya ofisi bado imeandikwa kwamba mizani ina hitilafu. Kila mwaka, siku ya Ildephonse, maua yanawekwa juu ya béton ya mzunguko, na bendi inapiga. Magunia bado yanakuja ya kilo mia. Mzee Sleiman alijaribu kuagiza ya sitini, akaambiwa na wenye lori kwamba mifuko ya namna hiyo haishonwi tena, na wafanyabiashara wenzake, waliposikia habari za ile kona, wameanza kuuliza kama wanaweza kupitisha mizigo yao hapo, iliyo mizito zaidi. Amewakatalia. Baadhi wanapitisha anapokwenda kuswali.

Asubuhi moja Térence aliingia na gunia lenye nundu. Shingo yake ilikuwa imezama mabegani na kidole chake kilikuwa hakijapona vizuri. Alipokanyaga kiraka mzigo ulilegea, uso wake ukarudi mahali pake, naye akataka kuendelea na safari ya kwenda nyuma ya depo.

"Ya ngapi hiyo?" Prudence alimwuliza.

"Mia na ishirini, mama."

"Weka chini."

"Patron anasubiri."

"Patron anajua kusubiri. Weka chini, Térence. Chai bado haijachemka."

Térence aliliweka chini. Wengine watatu waliokuwa nyuma yake kwenye mstari nao wakaweka ya kwao, na Nella akaenda kuwauliza habari ya sukari, akianza na wa mwisho.